Mbwa mwoga ndiye anayeuma

Ukitembea asubuhi katika mitaa ya Mikocheni, Dar es Salaam, kuanzia Regent Estate hadi upande wa TPDC, utasoma geti baada ya geti ujumbe uleule: "Mbwa Mkali". Mmoja ameuandika kwa rangi nyekundu juu ya bati, mwingine kanunua kibao chenye picha ya German Shepherd aliyetoa meno, na wa tatu hana hata mbwa ila kibao anacho. Palipo na mbwa kweli, kibao hakihitajiki. Kishindo kimoja cha mpita njia kinatosha: mnyororo unakwaruza sakafu, geti linatikisika, na kelele inapokelewa na nyumba ya pili, ya tatu, mpaka mwisho wa mtaa. Mwanafunzi mwenye begi mgongoni anahamia ng'ambo ya barabara. Mama muuza mboga anatua beseni lake mbali na kuita kwa sauti. Fundi bomba aliyeitwa na mwenye nyumba mwenyewe anasimama juani, anasubiri kuambiwa, "Ingia sasa, kaka, tumeshamfungia."

Hali hiyo tumezoea kuiita ulinzi. Msimamo wangu ni kwamba wengi wa mbwa tunaowaita wakali ni waoga, na woga huo tumewatia sisi wenyewe kwa kuwafungia katika miezi mitatu ya kwanza ya maisha yao. Mbwa anayembwekea kila apitaye hamwambii mwenye nyumba lolote, maana mwizi na mleta gesi kwake ni mamoja. Kumzoesha mtoto wa mbwa watu, sauti na pilika za mtaa ni wajibu wa kila anayefuga, sawa na kumlisha na kumchanja. Wapo wanaodhani hiyo ni anasa ya wageni wa Masaki wanaotembeza mbwa kwa kamba za rangi. Wanakosea, na gharama ya kosa hilo wanailipa majirani.

Miezi mitatu isiyorudi

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Kwa mbwa, ubichi huo una kalenda yake. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka akiwa na wiki mbili hivi, na masikio karibu na wiki ya tatu. Kuanzia hapo hadi wiki ya 12 au ya 14, anaisoma dunia kwa pupa. Kila anachokutana nacho kwa usalama anakihesabu kuwa cha kawaida. Asichokutana nacho katika muda huo atakishuku baadaye, na kumtoa shaka hiyo akiwa mkubwa ni kazi ya miezi, pengine ya miaka.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani. Walilea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, bila kushikwa wala kusemeshwa na mtu. Kwa zamu, baadhi yao walitolewa kukaa na watu kwa wiki moja, wengine mapema na wengine baadaye. Wale walioachwa humo mpaka wiki ya 14 ndipo wakakutana na binadamu walikuwa kama wanyama wa porini, na juhudi za kuwafuga baadaye hazikufua dafu. Hakuna aliyewapiga. Chakula walipata. Walichokosa ni watu.

Sasa tazama desturi yetu. Mtoto wa mbwa ananunuliwa kwa kijana anayewauza kando ya barabara, au kwa picha iliyotumwa WhatsApp, akiwa na wiki nne au tano. Muuzaji ana haraka kwa sababu akiwa mdogo anavutia zaidi na hajaanza kula sana. Mnunuzi naye anafurahi kubeba kitu kinachoenea kiganjani. Lakini mtoto huyo hajamaliza masomo ya nyumbani kwao. Ni katika kucheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kipimo cha meno: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakatika. Ndiyo maana madaktari wa mifugo wanashauri asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki ya nane.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu wa kwetu hata huo ulimwengu ananyimwa, maana akifika tu anatiwa bandani nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na kuachwa huko "mpaka akue aanze kazi". Anafunguliwa usiku wenye nyumba wakiwa wamelala. Binadamu anaowajua ni wawili: anayemletea ugali na dagaa, na anayemfunga mnyororo. Akifikisha mwaka anapenya geti lililosahaulika wazi, anamrarua mtoto wa jirani aliyekuwa akifuata mpira, nasi tunauliza: huyu mbwa kapatwa na nini?

Somo liko Morogoro

Anayedhani haya ni mambo ya ng'ambo apande basi mpaka Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu ndani ya makohozi. Kabla panya hajafundishwa kunusa chochote, ipo hatua ambayo hairukwi. Akiwa na wiki chache tu, macho yameshafunguka, anaanza kuzoeshwa. Wakufunzi wanambeba mikononi, wanamsikilizisha sauti mbalimbali, wanamwonjesha harufu na kumkanyagisha mahali pageni. Akishaacha kuwaogopa watu ndipo somo la kunusa linaanza.

Mmoja wa wahitimu wa Morogoro aliitwa Magawa. Alizaliwa 2013, akapelekwa Kambodia, na huko aligundua mabomu ya ardhini 71 pamoja na makumi ya silaha nyingine ambazo hazikulipuka. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimtunuku medali ya dhahabu ya ushujaa, akawa panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022, akiwa mstaafu.

Panya ni kiumbe ambaye porini hukimbia hata kivuli cha mtu. Kama Watanzania wenzetu wameweza kumfanya atulie begani mwa mkufunzi, sisi tunashindwaje na mbwa, mnyama aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka?

Mtaa wenyewe ni shule

Hapa daktari wa mifugo atanikatiza, na ana haki. Parvo inaua watoto wa mbwa kwa siku chache, kwa kuhara damu na kutapika, na virusi vyake hukaa udongoni kwa muda mrefu. Chanjo huanza mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kwa vipindi mpaka karibu na wiki ya 16. Ndiyo maana wafugaji wengi huambiwa wasimtoe mtoto nje mpaka amalize chanjo zote. Tatizo ni kwamba chanjo zikikamilika, msimu wa kujifunza unakuwa umepita.

Madaktari wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama walilizungumza hili bayana katika tamko lao la 2008: mtoto aanze kukutana na watu na mazingira mapya mara baada ya chanjo ya kwanza, kwa tahadhari, asisubiri mfululizo uishe. Waliongeza jambo la kushtua. Kwa mbwa wa chini ya miaka mitatu, matatizo ya tabia yanaua wengi kuliko magonjwa ya kuambukiza, kwa sababu mbwa aliyeshindikana hutupwa au huuawa.

Kwetu tahadhari hiyo haihitaji pesa. Mbebe. Mkalishe mapajani barazani, mpeleke getini mkononi, mweke kwenye kikapu ndani ya gari. Usimshushe penye mbwa koko wengi, jalalani wala karibu na bucha. Watu waje nyumbani, na mbwa wa jirani mwenye kadi ya chanjo iliyojaa anakaribishwa.

Kwa mafunzo, Mikocheni haina upungufu. Kuna bodaboda za Barabara ya Mwai Kibaki, jenereta umeme ukikatika, adhana ya alfajiri, mazoezi ya kwaya, mvua juu ya bati, mkokoteni wa kijana wa chuma chakavu, baiskeli ya aiskrimu yenye muziki usiobadilika, na matarumbeta ya harusi kila Jumamosi. Kuna mama aliyevaa buibui, mzee mwenye kanzu na bakora, mlinzi wa Kimasai mwenye rubega na rungu, dereva ambaye kichwa chake chote ni helmeti, na mtu aliyekunjua mwamvuli ghafla. Kwa mtoto wa mbwa asiyewahi kuwaona, hao wote ni majini.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Anza kwa mbali, dakika chache tu. Mtoto akitazama kitu kipya akatulia, mpe kipande cha dagaa. Kesho sogea kidogo. Akinywea, akificha mkia au akikataa chakula, umemfikisha mbali mno, basi rudi nyuma. Anayemburuta mpaka mbele ya spika ya harusi ili "azoee" anamfundisha kuogopa kwa maisha yake yote. Na watoto wa mtaa wasimpokezane kama mpira. Wakae chini, watulie, mtoto wa mbwa awaendee mwenyewe akitaka.

Usisahau mwili wake. Mshike miguu kila siku, mfungue kinywa, mtazame masikio, mvishe ukanda wa shingo na kumtembeza kwa kamba hapo hapo uani. Kwa nini jambo hili dogo nalipa uzito, nitaeleza.

Jirani naye ana haki yake

Mikocheni tunaishi ukuta kwa ukuta, Waislamu na Wakristo, wapenda mbwa na wasiotaka hata kumsikia. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yote hii, mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mtu ametawadha, anatembea kuelekea msikitini, na kijibwa chako chenye furaha kinamrukia na kumlamba mkono. Utamwambia nini? Kwamba kinapenda watu?

Hapo ndipo wengi wanapoielewa vibaya maana ya kumzoesha mbwa. Lengo si kumfanya awe rafiki wa kila apitaye. Mbwa aliyezoeshwa vizuri anamwona mtu, anamtambua kuwa ni mtu tu, kisha anamwacha apite. Ukicheza na mbwa, atakufuata msikitini, na methali hiyo inamhusu mbwa aliyeachiwa kila kitu bila kuwekewa mipaka. Mipaka nayo hufundishwa katika miezi hiyohiyo mitatu: asimrukie mtu, asilambe bila kuitwa, akae chini mgeni anapoingia.

Wala mbwa mwenye adabu si mgeni katika imani hiyo. Qur'ani inaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na katika Sura al-Kahf inamtaja mbwa aliyelala kizingitini mwa pango pamoja na vijana waumini. Mbwa wa ulinzi na wa mawindo wametambuliwa tangu zamani. Kinachomuudhi jirani ni mbwa asiyefunzwa, na katika hilo jirani yuko sahihi, awe wa dini yoyote.

Anayemlea siye aliyemnunua

Kuna ukweli mmoja wa nyumba za Mikocheni ambao vitabu vya kufuga mbwa vilivyoandikwa Ulaya havijui. Baba mwenye nyumba ndiye anayenunua mbwa, lakini anaondoka saa kumi na mbili asubuhi kuiwahi foleni na kurudi giza limeingia. Mbwa analelewa na dada wa kazi, mlinzi na kijana wa bustani. Hao ndio walimu wake, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kazi hiyo wala kuwaelekeza namna ya kuifanya.

Dada wa kazi aliyeletwa kutoka mkoani, pengine aliwahi kukimbizwa na mbwa utotoni, anasukuma sahani kwa ufagio na kukimbia. Mlinzi anamtuliza kwa fimbo. Kijana wa bustani anamtupia mawe ili "awe mkali". Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Kutoka kwa hao watatu mtoto wa mbwa anajifunza kwamba ufagio, fimbo na mkono ulioinuliwa ni vita, na somo hilo atalikumbuka siku mgeni atakaponyanyua mkono kumpungia mwenye nyumba.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayeleta mtoto wa mbwa aanze kwa kuwakalisha wote waliomo ndani. Nani anamlisha, kwa mkono gani, kwa neno gani? Ni marufuku kumfanya nini? Na dada wa kazi asiyetaka kumkaribia mbwa asilazimishwe. Hakuja Dar es Salaam kufundisha mbwa.

"Akizoea watu, atalinda nini?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila ninapozungumzia jambo hili. Linatoka kwa watu wenye hofu ya kweli, watu waliorukiwa ukuta wakaibiwa na walioamka wakakuta televisheni haipo.

Jibu liko kwa wanaoishi kwa kazi ya mbwa. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Mbwa wake wanapita kwenye umati, viwanjani na kwenye magari, na mbwa anayetetemeka akisikia honi hana kazi huko. Usa River, karibu na Arusha, wamefunzwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu, ambao baadaye wamepangiwa viwanja vya ndege na bandari. Hebu fikiria mnyama anayetakiwa kukagua mizigo mbele ya mamia ya abiria: angefaa nini kama angekuwa amelelewa bandani?

Mbwa akikomaa huanza mwenyewe kulilinda eneo lake. Hahitaji kuchukizwa na binadamu wote ili abweke usiku mtu asiyemjua anapopanda ukuta. Aliyezoea hali ya kawaida ya mtaa ndiye anayetambua isiyo ya kawaida, na akibweka saa nane usiku mwenye nyumba anaamka, kwa sababu hakubweka kutwa nzima. Mwoga anabweka mpaka kila mtu anaacha kumsikiliza, na akirushiwa kipande cha nyama chenye sumu anakila kama mwingine yeyote.

Kamba, kadi na sindano

Sasa nirudi kwenye kushikwa miguu na kutembezwa kwa kamba. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Utafiti uliochapishwa 2002 ulikadiria vifo 1,500 hivi kwa mwaka hapa Tanzania pekee. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kinga kwa binadamu ipo: kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali kuanza mfululizo wa sindano bila kukawia. Lakini kwa familia inayoishi kwa kipato cha siku, mfululizo huo ni nauli za kwenda na kurudi, siku za kazi zilizopotea na pesa ambazo mara nyingi inazitoa mfukoni.

Kinga ya bei nafuu ni kuchanja mbwa. Wataalamu wanasema wakichanjwa asilimia 70, maambukizi hukatika. Pemba wamelithibitisha hilo kwa kampeni zilizorudiwa mwaka baada ya mwaka. Dar es Salaam nayo iliwahi kuwemo katika mpango huohuo wa chanjo uliohusisha wilaya za kusini mashariki mwa nchi.

Kampeni hizo hufanyika vipi? Mtaalamu wa mifugo anakaa mahali pamoja, chini ya mti au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na wenye mbwa wanaitwa wawalete. Ni nani ataleta mbwa asiyewahi kufungwa kamba, asiyeguswa na mtu, ambaye akitoka getini anachanganyikiwa? Mwenye nyumba anatazama banda, anatazama meno, anaahirisha hadi mwaka kesho. Mbwa anayehofiwa zaidi mtaani ndiye anayekosa chanjo. Hapo suala linatoka kwenye tabia ya mnyama wa mtu mmoja na kuwa la afya ya mtaa mzima.

Nini kifanyike

Sheria hazikosekani. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Kanuni ya Adhabu inamhesabia kosa mtu asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye naye. Lakini sheria hufika baada ya jeraha. Udongo uwahi ungali maji.

Wauzaji waache kuuza watoto wa wiki nne, na wanunuzi wakatae kuwachukua, kwani biashara hiyo inaishi kwa haraka yetu. Daktari wa mifugo anayechoma chanjo ya kwanza atumie dakika tano kumweleza mfugaji kuhusu wiki hizi 14, badala ya kumwambia tu amfungie. Serikali za mitaa, zinazojua nani ana duka na nani ana mpangaji, zijue pia nani ana mbwa, ili siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, mtaa uwe na orodha ya majina na si tangazo la kipaza sauti peke yake.

Kilichobaki ni cha mwenye nyumba. Mtoto wa mbwa anadai nusu saa kwa siku, kwa miezi mitatu, pamoja na konzi ya dagaa. Kwa mlinzi wa miaka kumi au zaidi, hiyo ni bei ndogo. Na asiyeweza kuipata nusu saa hiyo aende Kariakoo, kuna taa za nje na makufuli ya kila bei.